Mwanafunzi wa Mwea Niliyemsifu Bila Kumwona

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaofundisha watu wazima kwa simu na kompyuta mkiwa mmeketi ofisini mjini Nyeri au sebuleni kwenu, mmoja wenu ni mjukuu wangu. Juzi alinitembelea akaniomba nimpe siri ya kazi, kwa kuwa niliifanya miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu. Nilimwambia siri sina, niko na makosa tu, na kama anataka nitamwandikia moja. Alicheka, akadhani namtania. Sikuwa natania. Na kwa vile ninyi nyote mnafanya kazi moja naye, someni pamoja.

Naitwa Nyaguthii. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, yaani masomo ya watu waliokosa shule wakiwa wadogo. Nilianzia Othaya, katika ukumbi wa kanisa juu ya kilima, nikifundisha wachuma chai waliokuja saa tisa alasiri vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Nilikuwa na cheti kipya na kiburi cha cheti kipya. Siku ya kwanza niliandika ubaoni sentensi niliyoitoa kwenye kitabu cha watoto, kwamba kuku anakula mahindi. Mama mmoja mzee, tuliyemwita Cucu Wangari, yaani Nyanya Wangari, aliinua mkono kwa adabu akaniuliza kama nimetumwa kutoka Nyeri mpaka kwao kumwambia kwamba kuku anakula mahindi. Darasa lilicheka mpaka watu wakafuta machozi. Mimi machozi yangu niliyapeleka nyuma ya ukumbi.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ndung'u, mzee mrefu wa koti moja la kahawia aliyesimamia madarasa ya upande ule. Alisikia habari ya kuku, akaja kuniona. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba mtu mzima haji kusoma tu, anakuja kusoma kitu fulani, na kazi yangu ya kwanza ni kujua kitu hicho ni nini. Nikaenda kumuuliza Cucu Wangari. Kumbe alikuwa na mtoto wake wa kiume jela, na barua zake zilikuwa zinasomwa na jirani, na jirani alikuwa na mdomo. Cucu alitaka kusoma barua za mwanawe peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Nikaanza na jina la mwanawe. Kwa miezi saba akawa anasoma.

Jambo la pili alilonifundisha Mwalimu Ndung'u ni la miwani. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja fundi wa mawe. Nilipomwambia asome ubaoni alijibu kwamba amesahau miwani nyumbani. Nikamwambia haidhuru, ataileta kesho tuendelee. Hakuja kesho, wala siku nyingine yoyote. Nilipomsimulia Mwalimu Ndung'u, alitikisa kichwa.

"Huyo hana miwani, Nyaguthii," aliniambia. "Mtu mzima akikwambia amesahau miwani, anakuomba umfunike. Sema hata wewe macho yanakusumbua leo, halafu usome mwenyewe kwa sauti, yeye afuate."

Nimelitumia neno hilo mara nyingi kuliko chaki. Lishikeni, maana nitalirudia muda si mrefu, na sitalirudia kwa kujisifu.

Jambo la tatu lilikuwa la miguu. Mwanafunzi akikosa wiki mbili, Mwalimu Ndung'u alikwenda kwake. Hakutuma mtu. Alipanda na kushuka zile ngazi za udongo za Othaya hata mvua ya Aprili ikinyesha, akafika, akaketi, akaulizia ng'ombe, akanywa uji, na kabla ya kuondoka alikuwa amejua kinachomzuia mtu kusoma. Mara nyingi hakikuwa uvivu. Kilikuwa mume, au mtoto mgonjwa, au aibu. Aibu ilishinda vingine vyote.

Baadaye tulipata masomo ya posta, kwa wale waliokwisha kujua kusoma na wanataka cheti. Tuliwatumia kazi kwa bahasha, nao wakairudisha kwa bahasha. Wakati huo nilikuwa nimehamia ofisi ya Nyeri, na Mwalimu Ndung'u alikuwa anakaribia kustaafu. Nakumbuka akiinua karatasi moja ya mama wa Karatina, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema mwandiko umelala. Mimi sikuona kitu. Majibu yalikuwa sahihi. Yeye alikwenda. Akamkuta yule mama mkono wa kulia umefungwa plasta, anaandika kwa wa kushoto, na hakutaka kutuambia kwa kuogopa tungemwondoa. Mara nyingine mwandiko wa mwanafunzi ulikuwa mzuri ghafla, na tukagundua kwamba mume anamwandikia ili amalize haraka arudi shambani. Karatasi ilikuwa na harufu ya moshi, ilikuwa na alama za chai, ilikuwa na mahali ambapo kalamu ilisimama ikasitasita. Ukizoea, ilikueleza.

Siwaambii haya ili mrudi kwenye bahasha. Bahasha zilipotea. Zililoa. Nyingine zilikaa posta mwezi mzima wakati mtu anasubiri matokeo. Mradi wa tableti ulipokuja, miaka michache kabla sijastaafu, mimi nilikuwa wa kwanza kuupigia makofi. Sitautaja jina. Tuliambiwa kwamba sasa somo ndilo litamfuata mtu, atasoma popote alipo na saa yoyote anayoweza, na hakuna tena mama atakayeacha shule kwa sababu ya kukamua ng'ombe. Na ni kweli kwamba kuna watu uliwafaa. Kuna mlinzi mmoja wa lango hapa mjini aliyesoma akiwa zamu, tableti ndani ya koti, na leo ni karani. Yeye alikuwa ameishia darasa la nane, alijua njia, alihitaji kufunguliwa mlango tu.

Lakini kazi yangu ilibadilika. Zamani nilikuwa na wanafunzi arobaini na viatu vilivyopinda. Sasa nilikuwa na zaidi ya mia mbili, kuanzia Othaya mpaka Mwea, na sikuwaona. Niliona ukurasa. Kila jina lilikuwa na duara kando yake. Duara likiwa la kijani, mtu anasoma vizuri, la manjano, anasuasua, jekundu, ameacha. Asubuhi za Julai, wakati Nyeri imefunikwa na ukungu na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, niliketi ofisini na blanketi juu ya magoti nikihesabu kijani. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Magoti yalikuwa yameanza kuuma, na hapa palikuwa na kazi isiyohitaji magoti.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Murage.

Tulikwenda Mwea kusajili wanafunzi katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole, aliyefiwa na mkewe. Nilipomuuliza anataka kusoma nini, kama nilivyofundishwa, alinijibu kwamba anataka kusoma matangazo ya maji. Wakulima wa kule hupewa maji ya mfereji kwa zamu. Msimu mmoja lilibandikwa tangazo kwamba mfereji wao utafungwa kwa matengenezo. Yeye alipita mbele ya lile tangazo kila siku akienda shamba, akalisalimu kama mtu anavyosalimu ukuta, na miche yake ikakauka kitaluni. Alinieleza bila kulalamika. Nikamshika mkono, akatia kidole gumba kwenye fomu, akapewa tableti. Mafunzo ya kuitumia yalichukua kama saa moja na nusu. Aliifunga kwenye kitambaa cha meza kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akaondoka.

Kwa wiki tatu duara lake lilikuwa jekundu. Mwalimu Ndung'u angekwenda siku ya kumi na tano. Mimi nilituma ujumbe wa kumtia moyo, ule ambao mashine ilikuwa imeuandaa, unabonyeza tu. Wiki ya nne duara likawa la kijani. Halikubadilika tena. Somo baada ya somo, Mzee Murage alipita. Akaruka hatua ya kwanza, akaingia ya pili, akaingia ya tatu, ambayo ni kama ya mtu wa sekondari. Nilisema moyoni kwamba nimewahi kuona watu wenye vipaji lakini huyu amepita wote.

Siku moja somo liliwataka waandike habari ya kazi yao. Mzee Murage aliandika hivi, na nayakumbuka maneno yote: "Mimi napanda mpunga nikiwa na mtoto mgongoni. Nikiinama, naye anainama. Maji yakiwa baridi ninamwimbia, ili mimi nisahau miguu."

Nilisoma mara tatu. Nikampa alama zote. Nilijiuliza kidogo kuhusu mtoto mgongoni, maana wanaume wetu hawabebi watoto mgongoni, nikajijibu kwamba amefiwa, pengine ni mjukuu, maisha yamembadilisha. Jibu lilinitosha kwa sababu nililitaka. Nikaituma kazi ile makao makuu Nairobi iwe mfano.

Kulikuwa na jambo jingine. Wiki hiyohiyo ujumbe ulikuja kutoka kwenye tableti yake, ukiniuliza mtu akimaliza hatua hii anaweza kwenda wapi. Lilikuwa swali la mtu aliye na miaka mingi mbele yake. Nilimtumia ukurasa wa maelezo, uleule tuliowatumia wote.

Makao makuu walifurahi kupita kiasi. Mkurugenzi wa mradi alisema anataka kumwona mzee huyu, wamrekodi akisoma maandishi yake, watu wengine wavutiwe. Mimi ndiye niliyepanga siku. Nilipaswa kwenda kwanza peke yangu. Ningeketi, ningeulizia shamba, ningekunywa uji. Lakini kulikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi, nikapiga simu kwa mchungaji wao, naye akapeleka habari.

Tulifika saa nne asubuhi, mkurugenzi, mpiga picha na mimi. Boma lilikuwa limefagiwa, viti vya kanisa vimepangwa, majirani wamekuja na watoto wao. Mzee Murage alikuwa amevaa koti na tai. Alinisalimia kwa mikono miwili. Mlangoni pa jikoni alisimama binti yake, Wawira, msichana wa miaka kumi na saba, mtoto akiwa amelala mgongoni mwake ndani ya leso. Nilimsalimia harakaharaka nikapita.

Mkurugenzi alitoa hotuba fupi, kisha akampa mzee karatasi yenye maandishi yake, yamechapwa kwa herufi kubwa. Mzee aliishika. Akaitazama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba radhi, amesahau miwani ndani.

Mimi nilijua papo hapo. Nilikuwa nimefundishwa la kufanya, nililifanya miaka mingi, maneno yalikuwa tayari mdomoni: hata mimi macho yananisumbua leo. Lakini kamera ilikuwa inatazama, na mkurugenzi alikuwa bosi wangu, nami nilichelewa kwa muda wa kupumua mara moja. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitabasamu, akavua miwani yake mwenyewe, akampa.

Mzee Murage aliivaa. Sasa alikuwa hana pa kwenda. Akainua karatasi sawasawa, haikuwa juu chini, akaanza kusema kwa kichwa kile alichokuwa amesikia kikisomwa nyumbani kwake. Alisema, "Mimi napanda mpunga nikiwa na mtoto mgongoni."

Majirani walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa picha ya Murage akiwa kwenye maji na mtoto mgongoni. Halafu mmoja akageuka kutazama jikoni, na mwingine, na kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu sote tulikuwa tunamtazama Wawira.

Mzee alivua miwani, akaikunja polepole, akamrudishia mkurugenzi kwa mikono miwili. Kisha akaniambia mimi, si mkurugenzi.

"Mwalimu, huyu ndiye alikuwa anasoma. Yeye anasoma, mimi nashika mtoto."

Mpiga picha alizima kamera bila kuambiwa. Chai ilikuwa imepikwa, tukainywa, kwa sababu huwezi kukataa chai ya mtu. Mzee alinieleza yote huku tukiwa tumeketi kando. Alijaribu yeye mwenyewe wiki tatu. Ile tableti ilimtaka aandike nenosiri, akakosea, ikajifunga. Ilipofunguliwa na fundi wa simu, sauti ilisema maneno upesi na kuendelea kabla hajashika la kwanza. Palikuwa na mahali pa kubonyeza ukitaka msaada. Alibonyeza. Ikamwambia aandike swali lake. Mtu asiyejua kuandika, ameambiwa aandike kwamba hajui kuandika. Alisubiri kama kuna mtu atakuja. Hakuna aliyekuja, akampa Wawira.

Wawira alikuwa ameacha shule akiwa kidato cha pili alipopata mimba. Shule ingempokea tena, lakini hakuweza kuingia lango lile na wenzake wamekwenda mbele. Alipopewa ile tableti alianza kwa kumsaidia baba yake, akaishia kusoma yeye. Mzee aliona uso wa mtoto wake umerudi, akaamua kwamba habari ya matangazo ya maji na imshinde. Jioni baada ya shamba alimchukua mjukuu, akatembea naye kandokando ya mfereji mpaka somo liishe. Ilikuwa imebaki miezi miwili wafanye mtihani wa cheti. Nilimuuliza Wawira angefanyaje siku ya mtihani, kwa kuwa kitambulisho kingekuwa cha baba yake. Alisema hakujua. Alisema alitaka kufika tu hapo kwanza.

Kabla ya kuondoka nilimshika Wawira mkono. Nikamwambia kwamba nitatafuta njia, na Ijumaa nitarudi.

Ndani ya gari mkurugenzi hakukasirika. Aliniambia niandike ripoti fupi. Kanuni zilikuwa wazi: anayesoma kwa jina la mwingine anafutwa, na jina pia linafutwa. Wawira hakuwa na kitambulisho, hakuwa ametimiza miaka, na mradi ulikuwa wa watu wazima. Niliandika. Sentensi moja ilitosha, kwamba jina la mwanafunzi lilitumiwa na mtu mwingine. Ningeweza kuongeza kwamba huyo mtu mwingine ndiye mwanafunzi bora kuliko wote niliokuwa nao. Ningeweza kuandika kwamba aliyetangulia kukosa ni sisi, wiki ya pili, tulipobonyeza badala ya kwenda. Sikuongeza. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu.

Ijumaa hiyo kulikuwa na mkutano. Iliyofuata nilikuwa na mafua ya Julai. Nilipiga simu mara tatu, na haikuingia, na mara ya tatu nikakumbuka kwamba namba niliyokuwa nayo ni ya ile tableti. Mtu wa boda boda alikuwa ameshatumwa kuichukua. Fomu ya kuichukua niliitia sahihi mimi.

Vijana wangu, hapa ndipo mngetaka niwape mafunzo, na yako machache. Duara la kijani linakwambia kwamba kuna kidole kinabonyeza. Halikwambii ni cha nani. Mpigie mtu simu, na ukipiga usimuulize somo, muulize nani anashika mtoto wakati anasoma. Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi yenu. Usimwombe mtu mzima asome mbele ya watu kama hujamsikia akisoma mkiwa wawili. Wageni wasikutangulie kwa mwanafunzi wako. Na siku ukisema utarudi, taja siku unayoweza, au usitaje. Najua mtaniambia mko na wanafunzi wengi kuliko mimi, na magari hakuna, na mashine za sasa zinajibu maswali kwa sauti, hata kwa Kikuyu. Mjukuu wangu alinionyesha. Ni kweli zinajibu vizuri. Ningekuwa na mashine hiyo wakati ule, Mzee Murage asingeambiwa aandike swali. Nalifikiria hilo, halafu nafikiria kwamba tungeipata, tungeongezewa wanafunzi wengine mia mbili, na bado asingekuja mtu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilikwenda Mwea na dada yangu kununua mchele wa pishori wa harusi. Tuliingia kwenye duka moja lililo kando ya mashine ya kukoboa, vumbi la makapi limejaa kila mahali. Mwanamke aliyekuwa kwenye mizani alinitazama, akajifuta uso kwa leso, akasema, "Mwalimu Nyaguthii." Sikumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake.

Nilimuuliza habari za mzee. Alisema alikufa mwaka jana, kifua. Hakuwa amesoma tena. Matangazo alisomewa na yeye Wawira, na siku ambazo Wawira hakuwepo aliwauliza wapita njia. Kanisani aliacha kuketi mbele. Aliyasema haya bila hasira, akifunga magunia. Kisha akasema neno moja ambalo naona nitakufa nalo.

"Ile Ijumaa ulisema, alifagia boma," alisema. "Na Ijumaa ingine. Alifagia mpaka mvua ikaanza. Mimi nilimwambia awache, ati mwalimu ako na kazi mingi."

Nilimwomba msamaha. Alisema hakuna neno, kama watu wanavyosema. Nikamuulizia mtoto, akaniambia yuko shuleni, darasa la tatu, anapenda hesabu. Na mimi, kwa vile sikuweza kukaa kimya, nikaanza kumweleza kwamba sasa ametimiza miaka, ako na kitambulisho, na mambo yamekuwa rahisi mno. Anaweza kusoma kwa simu yake mwenyewe. Hahitaji tableti. Atasoma akiwa hapa dukani wateja wakipungua, kwa mwendo wake, hakuna wa kumharakisha, na akikwama ataiuliza na itamjibu. Nilisikia sauti yangu ikiwa ileile ya siku ya kusajili. Nilimwambia kwamba ni kipaji, kwamba bado nayakumbuka maandishi yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono ilikuwa imesimama juu ya gunia.

"Nikianza," aliuliza, "kuna mtu atakuwa anakuja?"

Niliwafikiria ninyi. Nilimfikiria mjukuu wangu sebuleni kwake, na kurasa zake za majina. Nilifikiria magoti yangu na barabara kutoka Nyeri mpaka pale. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikwisha kuisema mara moja, kwao, nikiwa nimeshika mkono uleule.

Nikamwambia hapana, hakuna mtu atakayekuja.

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Akavuta kombe la kuchotea mchele, akasogeza mizani mbele yangu.

"Nikupimie kilo ngapi, mwalimu?"

Nikamwambia anipimie ishirini.